Sura Haitoi Ushahidi: Taswira Mgando kuhusu Mwonekano wa Wapolandi na Majirani Zao

Ikisiri

Makala hii inachunguza taswira mgando zinazohusu mwonekano wa Wapolandi na jirani zao wa Ulaya ya Kati na Mashariki, kuanzia karne ya 16 hadi leo. Hoja yake ni kwamba taswira hizo zilitokana na nafasi ya mtazamaji na mtazamwa katika ngazi ya mamlaka, wala hazikuzaliwa na utazamaji wa nyuso zenyewe. Ushahidi mkuu ni kwamba tawala na matabaka yaliyodai kuisoma asili ya mtu usoni yaliishia kutegemea daftari, kitambaa au cheti. Makala inaonyesha pia kuwa elimu hiyohiyo ya kupima vichwa ilipitia Maziwa Makuu ya Afrika, mikononi mwa mwanazuoni wa Kipolandi, kabla ya kutumiwa kuwagawa Wapolandi wenyewe.

1.0 Utangulizi

Watu wengi wa Ulaya wana jibu tayari wakiulizwa Mpolandi anafananaje. Baadhi watataja nywele za rangi ya dhahabu, macho ya buluu na uso mpana wenye mifupa ya mashavu iliyochomoza. Wengine watataja mwanamke mrembo, au mwanamume wa makamo mwenye masharubu na kitambi. Mpolandi naye ana jibu lake kuhusu Mrusi, Mjerumani, Mlithuania na Mukraine. Ukirudi nyuma karne tatu au nne, majibu hubadilika. Mpolandi wa wakati huo alijulikana kwa kichwa kilichonyolewa na kubakizwa shungi, joho refu, mahazamu ya hariri na upanga uliopinda. Nyuso za watu hazigeuki kwa kiasi hicho katika muda mfupi namna hiyo. Kilichogeuka ni kitu kingine, nacho ndicho kinachotafutwa hapa.

Taswira mgando, kwa maana inayotumika katika makala hii, ni picha moja inayobandikwa kwa watu wote wa jamii fulani, ikakataa kubanduka hata pale mtu anapokutana na wasiofanana nayo. Ni rahisi kuikemea kwamba ni uongo na kuishia hapo. Lakini si kila kilichomo ni uongo. Macho ya rangi nyepesi ni mengi zaidi katika nchi zinazozunguka Bahari ya Baltiki kuliko mahali pengine duniani, na Poland ni mojawapo ya nchi hizo. Kwa hiyo hatuna haja ya kubishana kama wapo Wapolandi wengi wenye macho ya buluu. Wapo. Swali ni kama mwonekano unaweza kuchukuliwa kuwa ushahidi wa asili ya mtu. Jibu linalotetewa hapa ni kwamba hauwezi, na waliodai unaweza ndio waliotuachia uthibitisho wa kinyume. Mara kwa mara walilazimika kutafuta alama ya nje ili kuwatambua watu ambao, kwa madai yao, walijulikana kwa kutazamwa tu.

2.0 Joho, majani makavu na uzao wa Hamu

Kuanzia karne ya 16, makabaila wa Jamhuri ya Poland na Lithuania walijenga simulizi kwamba wao ni wazao wa Wasarmatia, wapanda farasi wa kale wa nyika za kaskazini mwa Bahari Nyeusi. Simulizi hiyo waliivaa mwilini. Walinyoa vichwa, wakafuga masharubu marefu, wakavaa majoho yaliyofanana na ya Waturuki na Watatari. Wajumbe wao walipofika Paris mwaka 1573 kumpa Henri wa Valois taji la Poland, wenyeji walijazana barabarani kuwashangaa. Jerzy Ossoliński alipoingia Roma mwaka 1633 kwa msafara wa fahari, mchoraji Stefano della Bella aliuhifadhi msafara huo katika michoro yake. Kwa macho ya Ulaya Magharibi, basi, Mpolandi alikuwa mtu wa Mashariki, mwenye utajiri na ushujaa. Hakuna aliyehangaika na rangi ya macho yake.

Mwonekano huo ulikuwa na hatari zake. Katika vita vya Vienna mwaka 1683, askari wa Mfalme Jan III Sobieski walifanana mno kimavazi na jeshi la Waturuki walilokuja kulipiga, na wanahistoria wanaeleza kwamba walijifunga majani makavu ili washirika wao Wajerumani na Waaustria wasiwashambulie kwa makosa. Mkombozi wa Ukristo wa Ulaya, kama alivyoitwa baadaye, alihitaji fungu la majani ili asiuawe kama Mwislamu.

Ndani ya nchi, simulizi ya Usarmatia ilikuwa na kazi ya pili iliyokuwa kubwa zaidi. Iliwatenga makabaila na wakulima waliokuwa watumwa wa ardhi zao. Kabaila alikuwa mzao wa Yafethi kupitia Wasarmatia. Mkulima alikuwa mzao wa Hamu, mwana aliyemwona baba yake Nuhu uchi. Kwa hiyo watu waliozungumza lugha moja, waliosali katika kanisa moja na kuishi katika kijiji kimoja walihesabiwa kuwa mbari mbili. Kabaila alidai kwamba damu yake huonekana katika mwendo, katika shingo, katika mikono.

Hata hivyo, katika nusu ya kwanza ya karne ya 17, kabaila mmoja aitwaye Walerian Nekanda Trepka alitumia miaka mingi kuandika daftari la koo zilizojifanya za kikabaila wakati asili yake ni ya wakulima au watu wa mjini. Daftari hilo lilipata umaarufu kwa jina la Kilatini Liber Chamorum, yaani kitabu cha wana wa Hamu, na lina koo zipatazo 2,500. Trepka alizunguka masokoni, barazani na mahakamani akiuliza nani alizaliwa na nani. Kazi hiyo isingekuwa na maana yoyote kama kweli damu ya kikabaila ingeonekana. Mwana wa mkulima akinyoa kichwa, akafunga mahazamu na kuning'iniza upanga, alikuwa kabaila kamili machoni pa watu, na hilo ndilo lililomkera Trepka.

3.0 Ugonjwa wa nywele wenye uraia

Poland ilipodhoofika, sura yake katika vitabu vya Ulaya ilidhoofika pamoja nayo. Kati ya mwaka 1772 na 1795 Prussia, Austria na Urusi ziliigawana nchi hiyo mara tatu hadi ikafutika katika ramani. Katika kipindi hichohicho, Mpolandi wa fahari alitoweka katika maandishi ya wageni, na mahali pake pakashikwa na mkulima mchafu. Mfalme Frederick II wa Prussia aliwafananisha raia wake wapya Wapolandi na Wairoquois wa Amerika ya Kaskazini. Kwake hilo lilitosha kuhalalisha uvamizi.

Kielelezo bora cha mabadiliko hayo ni nywele. Mtu asipochana wala kuosha nywele kwa muda mrefu, nazo zikaingia chawa na usaha wa vidonda, hushikana zikawa donge gumu. Hali hiyo hutokea popote. Waingereza waliijua, na Shakespeare anaitaja katika Romeo na Juliet kama mchezo wa vibwengo wa usiku. Mfalme Christian IV wa Denmark, aliyefariki mwaka 1648, alikuwa na msokoto wa namna hiyo upande wa kushoto wa kichwa, akaupamba kwa utepe, na inasemekana watumishi wa ikulu waliuiga ili wamfurahishe. Lakini madaktari wa Ulaya waliupa ugonjwa huo jina la Kilatini la plica polonica, msokoto wa Kipolandi, na Wajerumani wakauita msokoto wa Vistula, mto mkuu wa Poland. Ensaiklopidia za karne ya 18 zilieleza kwamba uliletwa na uvamizi wa Watatari, kwamba unatokana na maji ya nchi hiyo, kwamba umo ndani ya damu.

Hali ni moja, lakini maelezo ni matatu. Kwa Mwingereza ni vibwengo, kwa mfalme wa Denmark ni urembo, kwa mkulima wa Poland ni maumbile ya taifa. Daktari Józef Dietl wa Kraków, ambaye baadaye alikuwa meya wa mji huo, ndiye aliyeuchunguza kwa makini katikati ya karne ya 19 na kuonyesha kwamba chanzo chake ni uchafu, umaskini na imani ya wanavijiji kwamba kuukata msokoto huleta upofu au maradhi mabaya zaidi. Dietl alitumia mkasi, maji na sabuni, na ugonjwa wa taifa ukaanza kutoweka. Ni mfano wa wazi wa jinsi tabia ya umaskini inavyogeuzwa kuwa umbile la watu.

4.0 Watoto milioni 6.7 na uvumi wa karata

Karne ya 19 ilileta imani mpya: kwamba mbari za Ulaya zitajulikana kwa namba. Mwaswidi Anders Retzius alipendekeza kugawa watu kwa uwiano wa upana wa kichwa na urefu wake, na kuanzia hapo wasomi wa kila nchi walishika bikari za chuma. Mwaka 1871, baada ya mizinga ya Prussia kuipiga Paris, mwanaanthropolojia wa Kifaransa Armand de Quatrefages alichapisha hoja kwamba Waprussia si Wajerumani wa kweli. Ni mchanganyiko wa Wafini na Waslavi, na ndiyo maana ni washenzi. Kuitwa Mslavi kulikuwa tusi la kutosha kuanzisha utafiti wa taifa zima.

Rudolf Virchow, daktari mashuhuri wa Berlin, aliongoza utafiti wa kulijibu tusi hilo. Walimu wa shule waliagizwa kuandika rangi ya nywele, macho na ngozi ya kila mwanafunzi. Watoto wapatao milioni 6.7 walihesabiwa. Katika maeneo ya mashariki yaliyokaliwa na Wapolandi zoezi hilo lilizua hofu. Uvumi ulienea kwamba mfalme wa Prussia amecheza karata na Sultani wa Uturuki, akashindwa, na sasa anadaiwa watoto 40,000 wenye nywele za dhahabu na macho ya buluu. Kwamba mwalimu anayeandika rangi za macho anaandaa orodha ya watakaochukuliwa. Wazazi walikimbilia shuleni kuwatoa watoto wao.

Uvumi huo una mengi ya kutufundisha. Kwanza, wazazi wa Kipolandi waliona wazi kwamba watoto wao wangekuwa wengi katika orodha ya wenye nywele za dhahabu, ilhali wasomi wa Ujerumani walizichukulia nywele hizo kuwa alama ya Ujerumani. Pili, walielewa kwamba mtu hapangwi kwa rangi bila kuwa na mpango naye. Wasomi waliwacheka. Miaka kama 70 baadaye, kama tutakavyoona, orodha ya namna hiyo iliandikwa kweli.

Matokeo ya Virchow hayakumfurahisha mtu wa siasa. Chini ya theluthi moja ya wanafunzi wa Ujerumani walikuwa na nywele za dhahabu pamoja na macho ya buluu. Zaidi ya mwanafunzi 1 kati ya kila 10 wa Kiyahudi alikuwa nazo pia. Hapakuwa na mstari wowote kwenye ramani ambapo Ujerumani iliisha na Uslavi ukaanza. Virchow mwenyewe alizaliwa Pomerania, katika mji ambao leo uko Poland na unaitwa Świdwin, na jina lake la ukoo lina asili ya Kislavi.

5.0 Bikari moja, mabara mawili

Historia ya vipimo hivyo inagusa moja kwa moja nchi za wasomaji wa Kiswahili. Mwaka 1907 na 1908, kijana wa Kipolandi aitwaye Jan Czekanowski, aliyekuwa mfanyakazi wa jumba la makumbusho la Berlin, alifuatana na msafara wa Mwanamfalme Adolf Friedrich wa Mecklenburg uliopita Rwanda, Uganda na Kongo ya Mashariki. Czekanowski alipima miili ya watu walio hai na kukusanya mafuvu ya wafu. Katika mkusanyiko wa mafuvu zaidi ya 1,100 ya Afrika Mashariki uliochunguzwa Berlin miaka ya karibuni, takriban 900 yalitoka Rwanda, na sehemu kubwa ya hayo inatokana na msafara huo.

Aliporejea Ulaya, Czekanowski alikuwa profesa katika mji wa Lwów, ambao leo ni Lviv ya Ukraine, akaanzisha mkondo wa anthropolojia uliowagawa Wapolandi na Waulaya wengine katika mafungu manne ya msingi, yaani ya Kaskazini, ya Mediterania, ya Kiarmenia na ya Kilapi, pamoja na michanganyiko yake. Kila mtu aliweza kupewa fungu kwa vipimo vya kichwa, uso na pua. Ndugu wawili wa tumbo moja waliweza kuangukia mafungu tofauti, jambo ambalo lingepaswa kuuvunja mfumo mzima, lakini lilichukuliwa kuwa kawaida. Czekanowski huyuhuyu, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, alitumia hadhi yake kuwashawishi Wajerumani kwamba Wakaraimu wa Poland, wanaofuata Taurati, asili yao ni ya Kituruki na si Wayahudi. Maisha yaliokolewa kwa hoja iliyoandikwa kwenye karatasi. Nyuso za Wakaraimu zilikuwa zilezile kabla ya hoja na baada yake.

Rwanda, kwa upande wake, ilirithi nadharia ya Wahamu, iliyodai kwamba Watutsi ni wageni warefu wenye pua nyembamba waliotoka kaskazini kuja kutawala. Linganisha na Poland ya makabaila: kule mzao wa Hamu alikuwa mkulima aliyeumbwa kutumikishwa, huku mzao wa Hamu akawa mtawala aliyeumbwa kuamrisha. Hamu yuleyule wa Biblia aliwekwa chini au juu kwa kadiri ya mahitaji ya mwenye nguvu. Na kama ilivyokuwa kwa Trepka, watawala wa kikoloni wa Kibelgiji walipotaka kuutumia mgawanyo huo katika utawala, pua hazikutosha. Katika miaka ya 1930 walitoa vitambulisho vilivyoandikwa kila mtu ni Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari, wauaji kwenye vizuizi vya barabarani waliomba kuona vitambulisho hivyo.

6.0 Herufi P

Ujerumani ya Wanazi ndiyo iliyoipeleka dhana ya sura ya Kislavi hadi mwisho wake. Propaganda iliwachora Waslavi kama viumbe duni wenye nyuso za kutisha. Wakati huohuo, mamia ya maelfu ya Wapolandi walipelekwa Ujerumani kufanya kazi mashambani na viwandani. Tarehe 8 Machi 1940 serikali ilitoa amri zilizowahusu: wasiingie makanisa ya Wajerumani, wasipande usafiri wa umma bila kibali, mwanamume atakayelala na mwanamke wa Kijerumani auawe. Na juu ya nguo, upande wa kulia wa kifua, kila mmoja ashone kipande cha kitambaa cha njano chenye herufi P ya zambarau.

Kitambaa hicho kidogo kinatosha kuangusha maktaba nzima ya vitabu vya mbari. Serikali iliyowafundisha watoto wa shule kwamba mtu duni hutambulika kwa fuvu na rangi ililazimika kumshonea alama, kwa sababu polisi, mkulima na kondakta wa treni hawakuweza kumtofautisha na Mjerumani. Hali ilikuwa hivyohivyo kwa Wayahudi wa Poland. Kuanzia Desemba 1939, katika eneo la Poland lililotawaliwa na Wajerumani kwa jina la Serikali Kuu, Myahudi aliyezidi umri wa miaka 10 aliamriwa kuvaa utepe mweupe wenye nyota ya buluu mkononi.

Wayahudi waliotoroka mageto na kujificha miongoni mwa Wapolandi waliishi ndani ya taswira hii kila saa. Walizungumza juu ya watu wenye mwonekano mzuri na wenye mwonekano mbaya, yaani wanaoweza kupita mitaani na wasioweza. Wanawake walipausha nywele kwa dawa. Wengine walijifunga bendeji usoni kama wagonjwa wa meno. Walionusurika wameeleza kwamba nywele zilizopaushwa mno zilimtia mtu mashakani kuliko nyeusi, na kwamba kilichowasaliti wengi ni macho yenye huzuni na hofu, wala si pua. Matapeli wa mitaani waliowanyang'anya fedha kwa vitisho walitafuta hofu. Hofu hiyo iliwekwa machoni na utawala wenyewe, kisha ikasomwa kama alama ya asili.

Katika maeneo yaliyounganishwa na Ujerumani, wakazi waliandikishwa katika orodha ya Ujerumani yenye mafungu manne. Katika jimbo la Danzig, gavana Albert Forster aliandikisha vijiji vizima kuwa Wajerumani. Katika jimbo jirani la Wartheland, Arthur Greiser aliwakataa watu wa aina hiyohiyo na kuwafukuza. Mpolandi wa jimbo moja akawa Mjerumani, wa jimbo la pili akawa mtu wa kufukuzwa.

Ukatili mkubwa zaidi uliwafika watoto. Katika waraka wa Mei 1940, Heinrich Himmler alipendekeza watoto wa mashariki wachujwe kila mwaka na wale walioonekana kuwa na damu nzuri wapelekwe Ujerumani. Wengi walichukuliwa kutoka vituo vya yatima, shule na familia za kulea. Wengine walinyakuliwa wakati wanavijiji wa Zamość walipofukuzwa, mwaka 1942 na 1943. Mjini Łódź walipimwa vichwa, wakakaguliwa nywele na macho, wakapewa majina ya Kijerumani na kukatazwa lugha yao. Walioshindwa vipimo walipelekwa makambini. Makadirio ya upande wa Poland hufika watoto 200,000, ingawa wanahistoria wengine hutaja idadi ndogo zaidi. Mwaka 1947 na 1948 maofisa wa idara zilizoendesha utekaji huo walishtakiwa Nuremberg. Watoto waliobainika kuwa na sura bora ya Kijerumani walikuwa wa taifa lililotangazwa kuwa duni kwa sura. Uvumi wa karata wa enzi ya Virchow ulikosea jina la Sultani tu.

7.0 Kutoka Tengeru hadi fundi bomba

Vita hivyohivyo vililiweka suala la mwonekano mbele ya macho ya Watanganyika. Kuanzia mwaka 1942, Wapolandi wapatao 20,000, wengi wao wanawake na watoto waliokuwa wamepelekwa kwa nguvu Siberia na Asia ya Kati na serikali ya Kisovieti, walifika Afrika Mashariki na Kusini kupitia Iran. Kambi kubwa kuliko zote ilikuwa Tengeru karibu na Arusha, iliyokuwa na watu wapatao 5,000. Nyingine zilikuwa Ifunda, Kidugala, Kondoa na, kwa upande wa Uganda, Masindi na Koja. Makaburi yao yapo Tengeru hadi leo.

Watawala wa Kiingereza walipata taabu. Hawa walikuwa Wazungu kwa ngozi, lakini walikuwa maskini, walilima bustani kwa mikono, wengi hawakujua Kiingereza, na baadhi walifanya biashara na wenyeji kwa karibu kuliko ilivyotakiwa. Maofisa walihofia heshima ya Mzungu, wakawaweka mbali na miji na kuwasimamia kwa kanuni zao. Inadhihirika kwamba hata weupe, unaodhaniwa kuwa jambo la ngozi tu, ulikuwa cheo chenye masharti ya mali, lugha na adabu.

Baada ya Poland kuingia Umoja wa Ulaya mwaka 2004, taswira ilijirudia kwa mavazi mapya. Katika kampeni ya kura ya maoni ya Ufaransa ya mwaka 2005 kuhusu katiba ya Ulaya, fundi bomba wa Kipolandi aligeuzwa dudu la kutishia ajira za watu. Shirika la utalii la Poland lilijibu kwa bango la kijana mtanashati, mwenye nywele za kimanjano, ameshika mabomba na spana, akiwaarifu Wafaransa kwamba yeye anabaki nyumbani na kuwakaribisha waje kwa wingi. Lilichekesha, likafanikiwa. Lakini liliijibu taswira kwa taswira. Mwaka 2014 Poland ilipeleka Eurovision, mjini Copenhagen, onyesho la wasichana wenye mavazi ya kijijini wakisukasuka maziwa na kufua nguo, wakiusifu uzuri wa Waslavi. Nyumbani, mitandao ya kijamii ya Poland ilimchagua tumbili wa Borneo mwenye pua kubwa inayoning'inia kuwa nembo ya Mpolandi wa kawaida: mbahili, mbishi, mwenye masharubu. Kicheko hicho hakiwagusi wote. Kinamlenga mtu wa tabaka la chini na mji mdogo, yuleyule aliyeitwa mwana wa Hamu na makabaila.

8.0 Pingamizi la vinasaba

Msomaji makini atauliza kama sayansi ya leo haijairudisha hoja ya zamani kwa mlango wa nyuma. Pingamizi hili lina uzito. Mwaka 2008, John Novembre na wenzake walichunguza vinasaba vya Waulaya 1,387 na kuonyesha kwamba mchoro wa tofauti zao unafanana na ramani ya Ulaya. Nusu ya watu waliweza kuwekwa ndani ya kilomita 310 za mahali pao pa asili. Mwaka 2005, utafiti wa kromosomu ya Y ulionyesha kwamba tofauti kati ya wanaume wa Poland na wa Ujerumani zinafuata mpaka wa kisiasa wa sasa. Na mjini Kraków, mwanajenetiki Wojciech Branicki alishirikiana na wenzake wa Uholanzi kutengeneza vipimo vinavyobashiri rangi ya macho na nywele kutokana na vinasaba.

Hata hivyo, matokeo haya hayasemi kile ambacho taswira mgando inasema. Ramani ya Novembre inatokana na sehemu karibu 200,000 za vinasaba zinazosomwa na mashine, tena kwa watu ambao, pale taarifa za babu na bibi zao zilipopatikana, wote hao walitoka mahali pamoja. Hakuna jicho la mwanadamu lenye uwezo huo. Tofauti zenyewe hupanda na kushuka polepole, kama lahaja za Kiswahili kutoka Barawa hadi Kilwa, ambapo kila kijiji huelewana na jirani yake na hakuna kigingi kinachoonyesha lahaja moja imekomea hapa. Mpaka mkali wa kromosomu ya Y ulichorwa mwaka 1945, pale mamilioni ya Wajerumani walipofukuzwa mashariki ya mto Oder na Wapolandi kuhamishiwa humo. Ni matokeo ya mikataba ya wakubwa wa vita, na kromosomu hiyo haichongi pua wala shavu. Vipimo vya Branicki, navyo, hubashiri rangi ya jicho. Havibashiri uraia, na huyumba kwa macho ya kijani na ya kahawia nyepesi, ambayo ni mengi Poland.

Kuna pia sehemu za mwili zinazobadilika upesi kuliko vinasaba vinavyoweza kubadilika. Mwaka 1965 kijana wa Poland aliyeitwa jeshini alikuwa na urefu wa wastani wa takriban sentimita 170. Mwaka 1995 alifikia takriban sentimita 177. Wanaanthropolojia wa Wrocław walioongozwa na Tadeusz Bielicki walionyesha pia kwamba wana wa wakulima walibaki wafupi kuliko wana wa wasomi, hata chini ya serikali iliyotangaza usawa. Mkulima mfupi wa Kipolandi aliyechorwa katika vitabu vya wageni alikuwa kweli mfupi. Ufupi wake uliandikwa na chakula, kazi nzito ya utotoni na kukosa daktari.

Na mwisho, wapo Wapolandi ambao taswira haikuwahi kuwakumbuka. Watatari Waislamu wa vijiji vya Kruszyniany na Bohoniki walipewa ardhi na Sobieski mwaka 1679, na misikiti yao ya mbao ingalipo. Emmanuel Olisadebe, mzaliwa wa Nigeria, alifunga mabao yaliyoipeleka Poland Kombe la Dunia la mwaka 2002. John Godson, mzaliwa wa Nigeria pia, aliapishwa kuwa mbunge mwaka 2010. Uraia wao haukusubiri kibali cha sura.

9.0 Hitimisho

Makala imeonyesha kwamba sura ya Mpolandi katika fikra za Ulaya iligeuka kila uhusiano wa mamlaka ulipogeuka: kabaila wa Mashariki alipokuwa na nguvu, mkulima mwenye msokoto wa nywele alipotawaliwa, kiumbe duni alipotekwa, fundi mtanashati alipoingia sokoni. Imeonyesha pia kwamba katika enzi mbalimbali waliojigamba kusoma asili usoni walihitaji msaada wa majani makavu, daftari la koo, kitambaa cha njano, utepe au kitambulisho. Tofauti za rangi na maumbo zipo na zinaweza kuchunguzwa kisayansi. Lakini hazina mipaka, na hazitoi hukumu juu ya mtu mmoja.

Kwa wanataaluma wa Afrika Mashariki, jambo hili si la Ulaya peke yake. Bikari iliyowapima Wapolandi ilipita Rwanda, na mabaki ya elimu yake yamo bado katika baadhi ya vitabu vyetu, pale kabila linapoelezwa kwa urefu wa pua au rangi ya ngozi kana kwamba ni jambo lililothibitishwa. Walimu na wahariri wayaondoe maelezo hayo, na watafiti waendelee kudai mafuvu yaliyobaki Berlin yarudishwe kwao.